Geuza dumu: herufi za API, zinki, na ubishi wangu na fundi wa IST

Fundi mmoja anayeniletea wateja wengi alikuja dukani na simu mkononi. Alikuwa ametazama video ya Mmarekani akilalamika kwamba oili za siku hizi zimepunguzwa zinki, na ndiyo maana kamishafti, zile shafti za kufungua valvu, zinalika. "Dada, nipe oili yenye zinki kuliko zote ulizonazo humu ndani." Gari lililokuwa linasubiri gereji lilikuwa Toyota IST.

Sikumpa. Tulibishana hadi wateja wengine wakasogea kusikiliza, na kwa kuwa hoja zile zile hunijia kila wiki kwa sura tofauti, bora niziandike mara moja. Mimi nauza oili na filta hapa Msamvu, Morogoro. Nahudumia malori yanayokwenda Mikumi na Kitonga, Noah za abiria, bodaboda, na wenye magari madogo ambao hubadilisha oili siku mshahara ukitoka. Kemia nilisoma hadi kidato cha sita, nikadhani imeishia kwenye cheti. Kumbe ilikuwa inanisubiri kwenye dumu la lita nne.

Wateja wengi hulisoma dumu kwa mbele: picha ya gari la mashindano, maandishi ya dhahabu, namba kubwa ya uzito. Mimi huligeuza. Mgongoni, kama oili ina leseni ya American Petroleum Institute (API), taasisi ya Marekani inayopanga madaraja ya oili, utakuta nembo ya duara yenye tundu katikati, ambayo API wenyewe huiita donati. Nusu ya juu ina daraja, kwa mfano API SERVICE SP. Katikati pana uzito, SAE 5W-30. Nusu ya chini mara nyingine ni tupu na mara nyingine imeandikwa Resource Conserving. Maneno hayo mawili ya chini yameshachosha klachi za bodaboda wengi, nitayarudia.

Daraja lenye S ni la injini za petroli, lenye C ni la dizeli. Herufi inayofuata ni kizazi, na alfabeti inasonga kadiri miaka inavyokwenda. SA haikuwa na dawa yoyote ndani, na API wanaonya kwamba haifai kwa injini nyingi zilizotengenezwa baada ya 1930. SF haifai kwa injini nyingi za baada ya 1988. SG, 1993. SJ ni ya magari ya 2001 kurudi nyuma, SL 2004, SM 2010, SN 2020. SP ilianza Mei 2020, na SQ ikaingia mwishoni mwa Machi 2025. Kwa upande wa petroli, daraja jipya linaweza kukaa mahali pa la zamani. Kuna herufi zilizorukwa: hakuna SI, hakuna SK, hakuna SO. Ukiona mojawapo ya hizo imechapishwa kwenye lebo kama daraja la API, rudisha dumu kwenye shelfu.

Sasa mwambie muuzaji yeyote akupe oili namba 40 ya bei poa. Mara nyingi mgongoni utakuta SF/CC au SF/CD. IST ya kwanza ilitoka Japani mwaka 2002. Kwa hiyo yule anayemimina SF kwenye IST anaweka oili ambayo waliolianzisha daraja lake wanasema mwisho wake ni magari ya miaka kumi na minne kabla IST haijazaliwa. Injini ile ina VVT-i, mfumo wa kupanga muda wa valvu kufunguka, unaosukumwa na presha ya oili kupitia vitundu na kichujio kidogo sana, na tope la oili duni likiziba pale, gari linaanza kukosa nguvu. Mwenye gari anaambiwa koili, anaambiwa plagi, anaambiwa pampu. Oili huwa ya mwisho kutuhumiwa.

Kuna jambo lingine la lebo. "Inakidhi API SP" iliyoandikwa kwa maandishi ya kawaida, bila donati, ni maneno ya mtengenezaji mwenyewe. Huenda ni kweli kabisa; wapo watengenezaji wazuri wasiolipia leseni. Lakini donati ina mkataba nyuma yake. API wanayo orodha ya wenye leseni kwenye tovuti yao, inayofunguka bure hata kwa simu, na wana mpango wa kununua oili madukani na kuzipima ili kuona kama kilichomo kinalingana na kilichoandikwa. Mimi kabla sijaleta mzigo wa jina nisilolijua hulitafuta kwanza mle.

Habari ya uzito nitaipita haraka, maana fundi wangu aliileta kama silaha na haikumfaa. Alisema hapa kwetu joto, 5W ni maji. Namba yenye W hupimwa kwenye baridi: 5W kwenye digrii 30 chini ya sifuri, 20W kwenye 15 chini ya sifuri. Morogoro hatuna biashara na sifuri. Namba ya pili ndiyo inayosema oili ikoje injini ikishachemka, nayo hupimwa kwenye digrii 100. Oili yoyote ya 40 lazima iangukie kati ya sentistoki (kipimo cha uzito wa oili inapotiririka) 12.5 na 16.3 kwenye joto hilo. Hivyo 5W-40, 15W-40 na namba 40 tupu zote ziko kwenye chumba kimoja pale injini inapofanya kazi, na tofauti yao ni asubuhi unapowasha, ambapo ile nyepesi inawahi kupanda juu kwenye kamishafti. Mtu akitaka oili nzito kwa sababu injini yake imechakaa na inakula oili, aongeze namba ya pili. Ya kwanza haimsaidii kitu.

Turudi kwenye zinki.

Dawa yenyewe inayobeba zinki inafupishwa ZDDP. Imo kwenye oili za injini tangu miaka ya 1940, mwanzoni kwa ajili ya kuzuia oili isiungue na beringi zisiliwe na tindikali, halafu ikagundulika kwamba inalinda chuma dhidi ya kusagika. Inafanya kazi kwa kujitoa: kamishafti inapoikandamiza tapeti, kile kipande kinachosukuma valvu, kwa joto na msuguano wa pale pale, molekuli inavunjika na kuacha utando mwembamba mno wa fosfeti juu ya chuma. Kinachosagika ni ule utando, unaondoka na kujengwa tena, chuma kinabaki.

Hapo kidato cha sita kilinifaa. Kila molekuli ya ZDDP ina atomi moja ya zinki na mbili za fosforasi. Zinki ina uzito wa atomi 65, fosforasi 31, mbili ni 62. Maana yake zinki na fosforasi hutembea pamoja karibu sawa kwa sawa, zinki ikizidi kidogo. Ukiijua moja umeijua nyingine. Na jambo ambalo video ile haikulisema, au fundi wangu hakulisikia, ni kwamba daraja la API halina kikomo cha zinki hata kidogo. Kikomo kimewekwa kwenye fosforasi. Zinki ilishuka kwa sababu haina namna ya kubaki peke yake.

Enzi ya SL, kwa oili nyepesi za kubana matumizi ya mafuta, fosforasi haikuruhusiwa kuvuka asilimia 0.10, yaani 1,000 ppm, sehemu 1,000 katika kila milioni. Mwaka 2004, SM ilipokuja pamoja na GF-4, kiwango cha watengenezaji wa magari, ikashushwa hadi 800. Lakini pia kuna sakafu: isipungue 600. Watu husahau sakafu. Hakuna oili yenye donati ya SP 5W-30 iliyoachwa bila ZDDP. Iko kati ya 600 na 800 za fosforasi, na zinki ukipiga hesabu itakuwa juu ya hapo kidogo.

Kikomo hicho kimewekwa kwa ajili ya kitu kilichofungwa nje ya injini. Kiasi kidogo cha oili huungua kila injini inapofanya kazi, fosforasi inatoka na moshi, inafika kwenye masega, kile kisafisha moshi cha kwenye bomba, na kufunika yale madini ya thamani, platinamu, paladiamu na rodiamu, ambayo ndiyo kazi yake kusafisha moshi. Yakishafunikwa hayasafishi tena. Baadaye GF-5 iliongeza sharti jingine: pamoja na kuwa kidogo, fosforasi hiyo ibaki ndani ya oili angalau asilimia 79 baada ya kipimo, isiwe ya kuruka na mvuke.

Fundi alicheka hapo. "Masega? Dada, masega ya gari lile yalishauzwa zamani." Sawa. Mtaani kuna watu kazi yao ni kununua masega kwa kilo, na magari mengi yana bomba tupu. Hoja ya masega haimgusi mtu wa namna hiyo, nakubali, ingawa sisi wengine tunaovuta hewa ya Msamvu jioni inatugusa. Ila bado haikumpa sababu ya kutaka zinki nyingi.

Sababu ni kwamba daraja halikutolewa kwa kuhesabu ppm na kwenda nyumbani. Oili inawekwa ndani ya injini halisi, injini inaendeshwa, inafunguliwa, inapimwa. Kwa miaka mingi kipimo cha kusagika kwa kamishafti kilifanyika kwenye injini ya Nissan KA24E, kwa saa 100. Kwa SP kikabadilishwa, sasa ni injini ya Toyota 2NR-FE ya lita 1.5, saa 200, na kinachopimwa ni kiasi cha chuma kilichopotea kwenye tapeti za valvu za kuingiza hewa. Tapeti za aina ya kikombe. IST ya 1NZ-FE ina tapeti za aina gani? Nilimwuliza hivyo, akatazama chini, maana amefungua hizo injini kuliko mimi nilivyofungua madumu. Za kikombe. Kwa hiyo oili ya SP yenye fosforasi isiyozidi 800 imefanya mtihani kwenye Toyota ya lita 1.5 yenye tapeti za namna ile ile, ikafaulu. Unataka nini zaidi?

Mmarekani wa kwenye video anayo haki, lakini haki yake ni ya gari lake. Injini za zamani za fito zenye tapeti bapa, ambapo ncha ya kamishafti inakwaruza uso wa tapeti kwa springi kali, zilizoea oili zenye ZDDP ya kutosha, na hazina masega ya kulindwa. Hapa kwetu hizo ni Volkswagen kobe, Datsun 1200 pikapu, Peugeot 504. Ninaye mzee mmoja wa Kihonda mwenye kobe anayeng'aa kuliko magari mapya yote ya barabara yake. Yeye namuuzia 20W-50 ya petroli, kwa sababu kile kikomo cha 800 kiliwekwa kwa uzito mwepesi tu, 0W-20, 5W-30, 10W-30 na wenzake. Kwenye 15W-40 na 20W-50 daraja halikuweka dari ya fosforasi, na watengenezaji wengi huweka zaidi. Mzee hakuwahi kuomba zinki. Anaomba "ile ya siku zote".

Kuna watu wanaoniletea karatasi za maabara. Mteja wangu mmoja ana malori, na kila anapomwaga oili hutuma sampuli ya kichupa. Karatasi inarudi na orodha: kalsiamu, magnesiamu, zinki, fosforasi, molibdenamu, boroni, hizo ni dawa, halafu chuma, shaba, risasi, hizo ni injini inayolika, halafu silikoni, ambayo mara nyingi ni vumbi lililopita kwenye filta ya hewa. Kwa kufuatilia lori lile lile mwezi hadi mwezi, karatasi hiyo ni hazina. Kwa kulinganisha oili mbili mpya na kusema hii ina kalsiamu 3,000 na ile 2,000 basi hii ni bora, hapana. Mashine inahesabu atomi, haijui zimefungwa kwenye nini. Kalsiamu inaweza kuwa ya salfoneti, ya fineti au ya salisileti, na kila moja ina tabia yake. Hata ZDDP zipo za namna mbili, moja huvunjika kwenye joto dogo zaidi na kuwahi kulinda, nyingine hustahimili joto na hupendwa kwenye dizeli. Kwenye karatasi zote mbili zinasomeka "zinki".

Namba moja ya karatasi ambayo madereva wa malori huipenda ni TBN, yaani akiba ya kuua tindikali. Zamani dizeli yetu ilikuwa na salfa nyingi, salfa ikiungua inazaa tindikali, na oili yenye TBN kubwa ilikuwa kinga ya kweli. Tangu 2015 nchi za Afrika Mashariki zimehamia dizeli ya salfa 50 ppm. Daraja la zamani la CF, lile linaloonekana bado kwenye lebo nyingi kama SN/CF, lilifikiria hata injini zinazochoma dizeli yenye salfa juu ya asilimia 0.5, ambayo ni 5,000 ppm. CF API walishaistaafisha. Kwa hiyo anayenijia akitaka TBN kubwa kuliko zote kwa sababu babu yake aliendesha hivyo njia ya Tunduma, namwuliza anajaza dizeli wapi. Kama anajaza kituo cha kawaida, CI-4 au CK-4 ya 15W-40 inamtosha na inabaki.

Zinki ikizidi ni hasara kwa masega. Kalsiamu ikizidi ina shida yake pia, na hapa wenye vigari vidogo vya turbo wasogee. Injini ndogo za turbo zinazopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, kama Golf za 1.4 TSI au Juke ya 1.6 turbo, zina ugonjwa wa mafuta kulipuka kabla ya cheche, gari likiwa kwenye mwendo mdogo na mzigo mkubwa. Mlipuko mmoja wa namna hiyo unaweza kuvunja pistoni. Iligundulika kwamba kalsiamu ya kwenye oili huuchochea, na watengenezaji wakahamisha sehemu ya kazi ya kusafisha kwenda kwa magnesiamu. API walitoa SN Plus mwaka 2018 kwa ajili ya jambo hilo, na SP imelibeba. Kwa injini ya turbo ya aina hiyo, tofauti kati ya SN na SP ni kubwa kuliko tofauti ya bei. Kwa IST isiyo na turbo ni tofauti ndogo zaidi, na siku mteja akiwa na hela ya SN tu sitamrudisha mtu mikono mitupu.

Halafu kuna majivu. Hili ndilo linaloniumiza zaidi, kwa sababu ya Mazda CX-5 za dizeli. Zimejaa barabarani sasa, gari zuri, linabana mafuta, lina nguvu. Ndani ya bomba lake la moshi kuna chujio la masizi, DPF. Masizi yakijaa gari linapandisha joto na kuyachoma. Kinachobaki baada ya kuchomwa ni majivu, na majivu hayo yanatoka kwenye zile dawa zenye metali za kwenye oili, kalsiamu, magnesiamu, zinki. Majivu hayaungui tena. Yanakaa pale na kulijaza chujio hadi likubali kufa.

Ndiyo maana Wajapani wana kiwango chao cha dizeli ndogo, JASO DL-1, kinachotaka majivu ya salfeti yasizidi asilimia 0.6. Wazungu wana ACEA C3, ambayo dari yake ni 0.8. CI-4, oili ya Fuso na Scania tunayoisifu wote, haina dari ya majivu kabisa. Iliandikwa mwaka 2002 kwa malori yasiyo na chujio. CJ-4 na CK-4 ndizo zilizowekewa asilimia 1.0. Mteja mmoja alipelekwa gereji fulani mjini akawekewa CI-4 kila mara, kwa maneno kwamba "dizeli ni dizeli". Amekuja kwangu taa ya DPF ikiwaka na ameshaambiwa suluhisho ni kulikata chujio lote. Dumu la DL-1 ni ghali, sibishi. Ukiliweka kando ya bei ya chujio jipya halionekani ghali tena.

Bodaboda sasa. Vijana wangu, nawapenda, lakini acheni kununua nusu dumu ya 5W-30 iliyobaki kwa mwenye gari. Pikipiki nyingi za hapa, Boxer, TVS na jamaa zake, klachi yake inaogelea ndani ya oili ile ile ya injini. Bajaji za miguu mitatu nazo vivyo hivyo. Oili za magari zenye maneno Resource Conserving mara nyingi huwekwa dawa ya kupunguza msuguano, molibdenamu na nyinginezo, ili gari libane mafuta. Dawa hiyo haijui klachi ni nini. Inaziteleza sahani, pikipiki inapiga kelele kwenye mlima wa Kola na haiendi, kijana ananunua sahani mpya za klachi, anarudishia oili ile ile.

Kwa pikipiki tafuta JASO MA au MA2. Kiwango hicho kimepima msuguano wa klachi kwa makusudi, na MB ndiyo ya kukaa nayo mbali, hiyo ni ya skuta ambazo klachi yake iko pakavu. Na ona uzuri wake kwa wale wa zinki: JASO kwa pikipiki inataka fosforasi iwe kati ya 800 na 1,200 ppm. Pale ambapo gari limewekewa dari ya 800, pikipiki imewekewa sakafu ya 800. Gia za pikipiki zinasagana ndani ya oili hiyo hiyo na zinahitaji ulinzi. Namba moja, dari kwa huyu na sakafu kwa yule. Nilipomwonyesha fundi lebo mbili hizo kando kwa kando, ubishi wake ulianza kupungua sauti.

Kila daraja ni mapatano ya watu waliokuwa wanavutana. Mwenye kamishafti anataka fosforasi, mwenye masega haitaki, mwenye turbo anaogopa kalsiamu, mwenye DPF anaogopa majivu, mwenye klachi anaogopa utelezi. Wakakaa mezani na injini za majaribio wakaandika kila mmoja atapata kiasi gani. Ndiyo sababu siuzi zile chupa ndogo za "dawa ya injini" za kuongezea juu ya oili, ingawa faida yake kwa muuzaji ni kubwa na watu wanaziulizia kila siku. Dawa za kwenye oili zinagombania uso ule ule wa chuma. Ukimwaga chupa nzima ya kusafishia, inaweza kuisukuma ZDDP pembeni pale ilipotakiwa ikae. Ukiongeza chupa ya zinki, umevunja kikomo cha daraja lililoandikwa kwenye donati, na donati haisemi tena chochote kuhusu kilichomo kwenye injini yako. Mtengenezaji alipima kilichomo ndani ya dumu. Mchanganyiko wako haujapimwa na mtu.

Nilichomuuzia fundi, mwisho wa yote, ni SP 5W-30 lita nne. 1NZ-FE inachukua lita 3.7 pamoja na filta, kwa hiyo ilibaki kidogo ya kujazia. Akauliza kama anaweza kuiuza ile iliyobaki kwa bodaboda wa pale nje. Nikamtazama tu. Akasema, "Haya dada, nimeelewa, Resource Conserving."

Tuje kwenye madumu matupu. Mengi ya majina makubwa yana wanunuzi mtaani, na hawayanunui kwa ajili ya kuchotea maji ya kisima. Oili iliyochujwa kwa kitambaa ikarudishwa kwenye dumu halali ina donati halali mgongoni, na pua yako haitajua. Ukimaliza kumwaga oili kwenye gereji yoyote, omba dumu lako, toboa kitako kwa bisibisi, ndipo ulitupe. Angalia pia kama namba ya toleo iliyochapishwa kwenye dumu ipo na haijafutwa, na kama pete ya mfuniko imekatika mbele ya macho yako.

Wenye CX-5: mzigo wa DL-1 0W-30 umefika, madumu ya lita nne. Wa bodaboda, MA2 20W-50 ya lita moja ipo ya kutosha, na kwa yeyote atakayekuja na kopo lake tupu nitalitoboa mwenyewe.